Nusu Kizibo

Miaka thelathini na mmoja nilikaa nyuma ya kidirisha cha dawa, Bombo,
nikiandika juu ya bahasha ndogo:
moja mara tatu, mbili mara mbili, nusu usiku,
na mikono ikapokea, nyuso zikiwa zimeshageukia mlango.
Leo nimeshindwa na kisanduku cha kioo,
lita sitini, juu ya kabati la sufuria,
Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani.

Kilua ndiye aliyeniachia, akaenda zake chuo, Mbeya.
"Bibi, samaki wanajiweza. Wewe angalia majani."
Samaki kumi na mmoja. Majani sikuyahesabu.
Na chupa tatu za mbolea, hazina hata maandishi.

Semkiwa, aliyetukatia kile kioo, asema: Mwaga, mama.
Mwaga kila siku, naitreti, fosfati, potasi,
mmea usijue njaa ni kitu gani.
Jumamosi chota nusu ya maji, tupa, tia mapya,
umefuta deni, umefungua daftari jingine.
Nikamuuliza: na Jumamosi bomba likikohoa upepo?
Akajifanya anatafuta futi yake.

Mashavu wa Chumbageni, mwenye tangi kuzidi kitanda changu,
asema: Nyima.
Mmea hauli zaidi ya tumbo lake,
na makombo yana mwenyewe, anaitwa mwani.
Tone moja, shoga. Hilo moja nalo, sitasita.

Nikafuata la Semkiwa. Siku ya tisa
kioo kikajitanda ushungi wa kijani,
jiwe likaota ndevu, nyeusi, za kuchana.
Nikafuata la Mashavu. Wiki ya tatu
majani machanga yakazaliwa yamepauka, rangi ya karatasi,
na yale ya zamani yakaingia vitundu vitundu
kama mkono uliodungwa na mwanafunzi anayetafuta mshipa.

Nikavuta kigoda. Nikavaa miwani.

Changa likipauka, chuma hakuna.
Zee likitoboka, potasi imekwisha.
Kumbe lilikuwa limeandikwa pale pale, kwenye jani,
na mimi nazunguka mji mzima nikiuliza watu.

Niseme jambo ambalo sijapata kulisema.
Kule dirishani sikuwahi kumwona mtu akipona.
Walichukua bahasha, wakaenda.
Waliopona hawakurudi. Wasiopona pia hawakurudi.
Nilipima kwa haki, Mungu anajua,
lakini nilipima gizani.

Sasa nimetafuta bahasha, zile zile za kahawia,
nimeandika kwa kalamu ya bluu, nimebandika ubavuni mwa kioo:
*Nusu kizibo, Jumatatu na Alhamisi, asubuhi kabla ya taa.*
*Chuma, matone manne, Jumanne.*
*Ndoo moja itoke, ndoo moja iingie, Jumamosi,*
*ya maji yaliyolala usiku kucha yakatoa dawa yake.*
*Maji yasipotoka, Alhamisi usitie.*
Na chini, kwa herufi ndogo, kama nilivyokuwa nikiwaandikia wenye watoto:
*Ukiona mabadiliko, rudi.*

Kilua alipiga juzi.
"Bibi, umechagua njia ipi, ya kumwaga au ya kunyima?"
Nikamwambia mtandao unakatika.
Ningemwelezaje bahasha?

Ndoo ya Jumamosi siimwagi mtaroni.
Naipeleka kwenye mrehani wangu wa kizingitini,
ambao sasa umevimba, unawakwaruza wageni magoti,
na Bi Chausiku wa nyumba ya pili kaja mara mbili
kuomba kijiti, na kuuliza, kwa sauti ya chini,
ninatia nini.

Jana moja limechomoza, pale karibu na mzizi,
limejikunja bado, kijani halisi, dogo kuliko punje ya choroko.
Ndevu za jiwe zipo. Nimeziacha.
Konokono amekwea juu yake tangu alfajiri,
anakula polepole,
naye hana kizibo, hana bahasha.